Daraja la kale la London na mali iliyolisimamisha

Kila asubuhi ya siku ya kazi maelfu ya watu hushuka katika stesheni iliyo kusini mwa mto Thames na kuvuka daraja kwa miguu kuelekea mabenki na maofisi ya City, yaani kitovu kikongwe cha jiji la London. Ni wachache wanaotazama wanapokanyaga, na kwa hakika hapana kikubwa cha kutazamwa. Daraja wanalolipita ni la zege, pana na imara, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 16 Machi 1973. Mgeni aliyetoka Afrika Mashariki na picha ya minara miwili kichwani huuliza kama amepotea njia. Hakupotea. Lenye minara ni Tower Bridge, la mwaka 1894, liko mbele kidogo upande wa mashariki, na katika ukoo huu ni mjukuu tu.

Wale miongoni mwetu tuliosoma katika shule zilizofundisha kwa Kiingereza tuliimba, tungali wadogo, wimbo wa watoto unaosimulia kuanguka kwa Daraja la London. Uliimbwa Mombasa, Moshi na Entebbe, na waimbaji hawakujua daraja lenyewe liko wapi wala lilianguka kwa nini. Mimi nilikuja kuijua sababu baada ya kupita miaka arobaini, nikiwa tayari mkimbizi katika mji huu, na nakiri kwamba jibu lilinishughulisha kuliko nilivyotarajia. Daraja la mawe lililovuka mto huu kuanzia mwaka 1209 hadi 1831, miaka 622, halikuwa kazi bora ya uhandisi. Lilikuwa na kasoro tangu siku ya kwanza. Lililolibakiza ni jambo jingine, na jambo hilo lingali hai hadi leo.

Kasisi na mto

Warumi, waliouanzisha mji wa Londinium karibu mwaka 50 baada ya kuzaliwa Masihi, walijenga daraja la mbao karibu na mahali hapo hapo. Baada yao yakaja mengine, nayo ya mbao, yakachukuliwa na moto, vita na maji. Mwaka 1176, katika zama za Mfalme Henry wa Pili, kasisi mmoja aitwaye Peter wa Colechurch alianza kujenga la mawe. Asistaajabu mtu kusikia kwamba mhandisi alikuwa mtu wa dini. Ulaya ya wakati ule ilihesabu ujenzi wa daraja kuwa amali njema, sawa na kuchimba kisima au kuwajengea wagonjwa hospitali. Kazi ilichukua miaka 33. Peter alifariki mwaka 1205, miaka minne kabla ya kumalizika, akazikwa ndani ya daraja lenyewe, chini ya kanisa dogo lililosimama katikati yake.

Kanisa hilo lilipewa jina la Thomas Becket, mzaliwa wa London na Askofu Mkuu wa Canterbury, aliyeuawa ndani ya kanisa lake mwaka 1170 baada ya kugombana na mfalme huyo huyo. Waliokuwa wakienda kulizuru kaburi lake walipita hapo na kuacha sadaka. Tutairudia sadaka hiyo.

Ni lazima kwanza kuufahamu mto. Thames katika eneo la London huingiliwa na bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, kama yanavyofanya katika hori la Tudor pale Mombasa, na chini yake pana matope na changarawe. Wajenzi wa karne ya 12 hawakuwa na mitambo ya kuikausha sehemu ya mto ili kuuchimba msingi. Walingoja maji yapwe, wakapigilia magogo ya mti mgumu kwa nyundo kubwa iliyovutwa kwa kamba, wakajaza kifusi baina ya magogo, wakalaza mihimili ya mwaloni juu yake, kisha wakajenga nguzo za mawe. Maji yalipojaa tena kazi ilisimama. Mtu wa pwani aliyewahi kuona gati la boriti za mikoko likijengwa atazitambua saa za kazi hiyo, zinazopangwa na mwezi wala si na saa ya ukutani.

Hivyo ndivyo yalivyopatikana matao 19 ya mawe, pamoja na nafasi moja ya daraja la kuinuliwa ili kupisha vyombo vyenye milingoti na kumzuia adui. Urefu wote ulikuwa mita 280 hivi. Matao hayakulingana: mengine yalikuwa na upana wa mita tano, mengine karibu kumi, kwani nguzo zilisimamishwa pale sakafu ya mto iliporuhusu. Miguu ya nguzo ilizungushiwa visiwa vya magogo na kifusi, vyenye umbo la mashua iliyochongoka kwenye tezi na omo, ili mkondo usiila misingi.

Visiwa hivyo ndivyo vilivyokuwa kinga ya daraja na ndivyo vilivyokuwa maradhi yake. Kila vilipotengenezwa viliongezwa unene. Vikafikia kuziba zaidi ya theluthi mbili ya upana wa mto wakati wa maji kupwa. Maji yaliyobanwa yalirundikana upande wa juu na kuanguka upande wa pili kwa kimo cha karibu mita mbili, kama maporomoko, na kwa kupita kwa nguvu hiyo yakamomonyoa hivyo hivyo visiwa na sakafu iliyo chini yake. Wenye busara waliosafiri kwa mashua waliteremka kabla ya daraja, wakatembea nchi kavu, wakapanda tena mbele. Wasio na subira walipita chini ya tao, na wengi walizama. Upande wa juu, ambako maji yalipoozwa na kizuizi hicho, mto uliganda katika miaka ya baridi kali, watu wakafungua masoko juu ya barafu. Soko la mwisho la namna hiyo lilikuwa mwaka 1814.

Kwa ufupi, lilikuwa daraja ambalo likiachwa miaka michache bila fundi lingeanza kubomoka. Lilihitaji kundi la watu wenye nyundo na magogo kila maji yalipokupwa, mwaka hadi mwaka. Na watu hao walihitaji kulipwa.

Malkia na mapato

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana nafuu kuliko Mwingereza wa leo, kwa kuwa ana neno lililo tayari. Waliolijenga daraja, na raia waliowafuata, waliliwekea wakfu. Watu waliliachia nyumba, ardhi na fedha katika wasia zao, wakiandika kwamba wanampa Mungu na Daraja. Kodi za nyumba hizo, sadaka za wapitao na ushuru wa mikokoteni na vyombo vilitiwa katika mfuko mmoja, na mfuko huo ulikuwa na kazi moja. Ndivyo zilivyowekwa nyumba na mashamba Unguja, Lamu na Mombasa, ili kodi yake iwashe taa za msikiti na kusafisha kisima. Na kila anayejua habari za wakfu anajua pia swali linalofuata: ni nani msimamizi?

Mwaka 1269 Mfalme Henry wa Tatu alimpa mkewe, Malkia Eleanor wa Provence, usimamizi wa daraja pamoja na mapato yake. Bibi huyo alikuwa na madeni na matumizi makubwa. Fedha zilikusanywa kama kawaida, ila magogo na mawe hayakununuliwa. Edward wa Kwanza, mwanawe, alipotwaa ufalme na kuamuru uchunguzi nchini kote, raia wa London walijitokeza mwaka 1274 na 1275 wakatoa ushahidi kwamba daraja limo hatarini kwa sababu mapato yake yanakwenda kwingine. Hawakusikilizwa upesi. Mwaka 1281 mfalme aliruhusu watu wapite huku na huko wakiliombea daraja sadaka, ishara kwamba hali ilikuwa mbaya. Katika majira ya baridi ya mwaka huo na mwanzo wa 1282 barafu ilisukumwa na mkondo dhidi ya nguzo, na matao matano yakaanguka mtoni.

Wapo wanaodai kwamba bibi anayetajwa katika ule wimbo wa watoto ni Eleanor. Ushahidi wa kutosha haupo, na mimi siwezi kuutia sahihi. Kuanguka kwenyewe, hata hivyo, si hadithi.

Nisamehewe nikitia la kwangu. Katika wilaya nilikoanzia kazi ya uandishi palikuwa na daraja la chuma lenye sakafu ya mbao. Kila mwaka lilitengewa fedha za matengenezo, na kila mwaka matundu ya sakafu yalizidi, hata ikawa wanafunzi wanashikana mikono wanapovuka. Gazeti letu lilipochapisha swali la zilikokwenda fedha hizo, hatua zilichukuliwa, lakini zilichukuliwa dhidi ya waandishi. Ndiyo maana niliposoma malalamiko ya raia wale wa karne ya 13 sikuweza kuyasoma kama habari za watu wa mbali.

London ilichukua njia nyingine baada ya 1282. Usimamizi ulirudi mikononi mwa raia, nao wakawa wanachagua wasimamizi wawili wa kuiendesha mali ya daraja na kutoa hesabu kila mwaka. Mfalme aliruhusu ushuru kwa waendao kwa miguu, wapanda farasi na mizigo. Meya Henry le Waleys alijenga soko jipya, mahali ambapo leo yako makazi rasmi ya meya wa City, na faida ya soko hilo ikaandikiwa daraja. Ofisi, ghala na karakana zilikuwa kusini mwa mto, Southwark, na taasisi yote ikaitwa Nyumba ya Daraja.

Hesabu zake kuanzia mwaka 1381 zipo mpaka leo katika hifadhi ya nyaraka ya London. Ndani yake mna kodi za wapangaji, bei za magogo na mawe, na ujira wa mafundi waliofanya kazi kwa kufuata maji, wakiingia yanapokupwa na kutoka yanapojaa. Mambo hayakuwa salama nyakati zote, kwani Januari 1437 lango kubwa la mawe la upande wa Southwark liliporomoka pamoja na matao mawili. Tofauti ni kwamba safari hii palikuwa na mahali pa kudai, na palikuwa na fedha za kujengea upya.

Mtaa juu ya maji

Sehemu kubwa ya mali hiyo ilikuwa juu ya daraja lenyewe. Hili ndilo jambo ambalo picha za zamani hupenda kulionyesha: nyumba za orofa kadhaa zilizobanana pande zote mbili, nyuma zikining'inia juu ya maji kwa mihimili, mbele zikiwa na maduka. Mwaka 1358 yalihesabiwa maduka 138. Vyoo vilifunguka moja kwa moja mtoni. Njia iliyobaki katikati ilikuwa na upana wa mita nne hivi, na mahali pengi nyumba zilikutana juu yake, hata mpitaji akadhani yumo katika uchochoro wa mji na hajui kwamba chini ya miguu yake pana mto.

Hatari ya mpango huo ilidhihiri mapema. Mwaka 1212 moto uliozuka Southwark ulivuka kwa upepo na kushika upande wa pili wa daraja, na waliokuja kusaidia wakajikuta baina ya mioto miwili. Idadi ya waliokufa inayotajwa, watu 3,000, wanahistoria wa leo wanaitilia shaka, lakini maafa yalikuwa makubwa. Mwaka 1633 moto mwingine uliteketeza nyumba za upande wa kaskazini. Pengo lililobaki ndilo lililozuia Moto Mkuu wa London wa 1666 usipite kwenda Southwark, kwa hiyo daraja liliokolewa na hasara yake ya awali.

Juu ya lango la kusini vilichomekwa vichwa vya waliohukumiwa kwa uhaini, kuanzia kile cha Mskoti William Wallace mwaka 1305. Mwaka 1535 kilikuwepo cha Sir Thomas More, aliyekuwa waziri mkubwa wa Henry wa Nane. Desturi hiyo iliendelea hadi karne ya 17. Waongozaji wa watalii huikalia sana habari hii, nami naona inatosha kuitaja.

Linalostahili zaidi kutazamwa ni Nonsuch House, nyumba ya orofa nne iliyosimamishwa kati ya 1577 na 1579. Ilichongwa Uholanzi, ikaletwa kwa meli ikiwa vipande, na kuunganishwa kwa vigingi vya mbao bila msumari. Karibu wakati huo huo Peter Morice alifunga magurudumu makubwa chini ya matao ya kaskazini, yakizungushwa na yale maji yaliyobanwa ili kuusukumia mji maji ya matumizi. Mtambo huo ulidumu, katika sura mbalimbali, hadi 1822. Uliwasaidia wenyeji, na ukazidi kuuziba mto.

Msongamano ukawa sifa ya mahali hapo. Hadi mwaka 1729, lilipofunguliwa daraja la mbao huko Putney, na 1750 lilipofunguliwa la Westminster, wakazi wa London hawakuwa na daraja jingine ndani ya mji. Mwaka 1722 meya aliamuru kwamba mikokoteni yote iendayo pande zote mbili ishike upande wa kushoto, akaweka watu wa kulisimamia hilo. Ni miongoni mwa amri za mwanzo za aina hiyo zilizoandikwa Uingereza, na sheria ya 1835 iliufanya upande wa kushoto kuwa wa nchi nzima. Kutoka hapo desturi ilisafiri na dola. Dereva wa lori anayetoka Tanzania kuingia Rwanda kwenye daraja la Rusumo hubadilisha upande, kwa kuwa huku alitawala Mwingereza na kule Mbelgiji.

Mwisho wa mawe ya kale

Kati ya 1758 na 1762 nyumba zote zilibomolewa ili kupanua njia. Nguzo moja ya katikati iliondolewa na matao mawili yakafanywa moja kubwa, kwa nia ya kuwarahisishia wenye mashua. Maji yalipopata mlango mpana yaliingia kwa nguvu mpya na kuanza kuzila nguzo za jirani. Mhandisi John Smeaton aliitwa kwa haraka, akashauri kwamba mawe ya malango ya mji, yaliyokuwa yameshauzwa baada ya kubomolewa, yanunuliwe tena na kutupwa mtoni papo hapo. Yalinunuliwa, yakatupwa, daraja likapona.

Lakini fundi hawezi kutia kiraka milele. John Rennie alisanifu daraja jipya la mawe ya itale lenye matao matano tu. Alifariki mwaka 1821 na mwanawe akalijenga kuanzia 1824, mita chache upande wa magharibi, la zamani likiendelea kutumika. Mfalme William wa Nne alilifungua tarehe 1 Agosti 1831, na lile la Peter wa Colechurch likavunjwa.

La Rennie lilikuwa zuri zaidi na liliishi kidogo zaidi. Lilikuwa likididimia, upande wa mashariki kuliko wa magharibi, na mwaka 1968 liliuzwa kwa Robert McCulloch, tajiri wa Kimarekani, kwa dola 2,460,000. Mawe yalipewa namba, yakasafirishwa hadi Lake Havasu City katika jangwa la Arizona, na kuvikwa juu ya mifupa ya zege. Daraja lilisimamishwa kwanza juu ya nchi kavu, kisha ukachimbwa mfereji wa kupita chini yake. Lilifunguliwa Oktoba 1971. Wapo wanaosimulia kwamba mnunuzi alidhani ananunua Tower Bridge, jambo ambalo yeye na wauzaji walilikanusha. Wasomaji wetu wanaoishi magharibi mwa Marekani wanaweza kwenda kuliona.

Gharama za daraja la sasa zililipwa na mfuko ule ule wa wakfu, kama zilivyolipwa za Tower Bridge miaka themanini kabla. Taasisi hiyo, ambayo tangu 2023 inaitwa City Bridge Foundation, inamiliki madaraja matano katika Thames na kuyatunza bila kumtoza mlipa kodi. Mali imeongezeka hata ikawa, tangu 1995, ziada yake inagawiwa kwa kazi za hisani katika London nzima, na miongoni mwa wanaonufaika ni vyama vinavyowasaidia wakimbizi.

Mwenye nafasi ya saa moja aanzie katika kanisa la St Magnus the Martyr, ukingo wa kaskazini. Njia ya kuingilia darajani ilipita chini ya mnara wake, na uani pamewekwa baadhi ya mawe ya daraja la kale. Kisha avuke aende hospitali ya Guy's. Katika bustani ya ndani kuna kibanda cha mawe kisicho na mlango, kimoja kati ya vile vilivyojengwa juu ya daraja baada ya nyumba kuondolewa, ili mpitaji ajikinge na mvua. Ndani yake kuna benchi, na mara nyingi utamkuta mgonjwa ameketi akipunga hewa.